Uhuru wa Roho na Njia ya Kolo

Neno uhuru lilifika bara pamoja na misafara. Kabla ya kuwa neno la mikutano ya siasa lilikuwa neno la soko na la baraza ya kadhi. Mtu huru alikuwa mtu asiyemilikiwa. Kinyume chake alikuwa mtumwa, na mtumwa aliyeachwa na bwana wake aliweza kupewa hati ya kuonyesha kwamba tangu siku hiyo hana mwenyewe. Yafaa maana hii ya kwanza ikumbukwe, kwa sababu watu wanenapo juu ya uhuru wa roho husahau aghalabu ya kuwa neno lenyewe lina bwana ndani yake. Kuwa huru ni kutoka katika mkono wa fulani. Basi swali la roho huanza pale ambapo swali la soko huishia: atokaye katika mkono huo huingia katika mkono gani?

Kiswahili chenyewe kimelijibu swali hilo kwa namna ya ajabu. Kitenzi kimoja, kutuma, kimezaa maneno mawili, mtume na mtumwa. La kwanza ni jina la heshima kuu katika dini. La pili lilikuwa jina la unyonge mwingi sokoni. Wote wawili ni watu waliotumwa. Tofauti yao ni nani aliyewatuma. Kadhalika jina Abdallah, ambalo baba wa Kiislamu humpa mwanawe kwa furaha, maana yake kwa Kiarabu ni mtumwa wa Mungu. Na Paulo katika nyaraka zake alijiita mtumwa wa Kristo pasipo kuona haya. Katika dini zote mbili, basi, uhuru wa roho haukufahamiwa kuwa ni kukosa bwana. Ulifahamiwa kuwa ni kumjua Bwana wa kweli, na kwa ajili hiyo kuacha kuwaogopa mabwana wengine.

Wazo hili ni jepesi kulisema msikitini na kanisani. Ni zito kulishika katika maisha ya kila siku, mahali ambapo mvua ni chache, majirani ni wa imani mbalimbali, na njaa haimwulizi mtu dini yake. Nchi ya Kondoa ni mahali pa namna hiyo, na historia yake ni mizani njema ya kupimia maana ya uhuru wa roho.

Kondoa iko katika uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, kaskazini ya Dodoma, katika njia kuu iendayo Babati na Arusha. Wenyeji wake si kabila moja, wala lugha zao si za ukoo mmoja. Warangi, walio wengi, husema lugha ya Kibantu. Waburunge na Waalagwa, ambao huitwa pia Waasi, husema lugha za Kikushi. Na upande wa magharibi wako Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko, yaani sauti za kudata ulimi, zisizosikika katika lugha za jirani zao. Tangu mwaka wa 2012 sehemu ya nchi hiyo imekuwa wilaya ya peke yake, Chemba; lakini historia yao haikukatika kwa mpaka huo. Mvua yao ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na kwa wastani haizidi sana milimita 600 au 700 kwa mwaka. Mahali kama hapo mvua ni habari ya kufa na kupona, na kwa hiyo ni habari ya dini.

Kila watu katika hao walikuwa na jina la Mungu kabla ya kufika dini za kitabu. Warangi walimwita Mulungu, na Wasandawe walimwita Warongwe. Walakini, kama ilivyokuwa katika sehemu nyingi za bara, Mungu alionekana kuwa mbali na wazee waliokufa walionekana kuwa karibu. Tambiko lilikuwa njia ya kupita kwa walio karibu ili kumfikia aliye mbali. Waalagwa walikuwa na ukoo mashuhuri wa waganga wa mvua, na sifa za waganga hao zilivuka mipaka ya kabila lao. Jambo hili lina pande mbili, na kila upande wahusu uhuru. Upande wa kwanza, mtu wa Kondoa aliweza kuipeleka haja yake kwa mganga wa watu wengine pasipo kudhaniwa kuwa amewaasi wake. Upande wa pili, aliyeaminiwa kuweza kuleta mvua aliaminiwa pia kuweza kuizuia. Palipo na tumaini la namna hiyo pana na hofu ya kadiri ile ile, na mwenye hofu hayuko huru hata kama hana mnyororo.

Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kutua Irangi kabla ya utawala wa Wajerumani. Katika nyayo zao ulikuja Uislamu, nao ulienea zaidi katika enzi ya Wajerumani na baada yake, hata ukawa dini ya Warangi walio wengi. Hapa pana fumbo ambalo mwanahistoria hana ruhusa ya kuliruka. Dini iliyofundisha kwamba watu wote ni watumwa wa Mungu mmoja ilisafiri katika njia zile zile walizopitishwa watu waliouzwa.

Fumbo hilo laonekana wazi katika maisha ya mtu mmoja wa pwani, Sheikh Yahya bin Abdallah wa Bagamoyo, ajulikanaye zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya. Aliletwa Bagamoyo kutoka Kongo akiwa mtoto, naye alikuwa mtumwa katika nyumba ya Mwarabu tajiri. Akasoma, akawa mwanachuoni, akawa kiongozi mkuu wa tarika ya Kadiria katika mji ule, na baada ya Wajerumani kuondoka akawekwa kuwa liwali. Alipofariki mwaka wa 1931, watu wa kila daraja walikuwa wamekwisha kukaa mbele yake kama wanafunzi. Njia iliyomleta kama mali ndiyo aliyoigeuza kuwa njia ya elimu. Katika duara ya dhikiri mwenye ukoo na asiye na ukoo walivuta pumzi moja. Na ndiyo sababu tarika hiyo ilipata wafuasi wengi bara, hata Tabora na Ujiji, miongoni mwa watu ambao jamii ya pwani iliwahesabu kuwa washenzi au watumwa wa jana.

Kwa mtu wa Irangi pia shahada ilikuwa na maana ya namna hiyo. Ilimtia katika safu moja na mgeni aliyemdharau. Tena ilimwambia kwamba kati yake na Muumba wake hapana mlinzi wa mlango anayedai kondoo. Maana hii ya pili ndiyo iliyogusa maisha ya kila siku: asubuhi, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha, mtu alisimama mwenyewe mbele ya Mungu, akiwa shambani au njiani, pasipo kumtuma mtu mwingine. Wamisionari wa Kikatoliki, walioanza kazi Irangi katika enzi hiyo hiyo ya Wajerumani, walileta ujumbe mwingine katika maneno mengine, lakini nao waliahidi kuiondoa hofu ile ile. Katika miaka ya 1930 nchi ya Dodoma ilikabidhiwa Wapasionisti kutoka Italia. Dodoma ikawa jimbo kamili mwaka wa 1953, na mwaka wa 2011 Kondoa ikapata jimbo lake yenyewe.

Ahadi hizo zilijaribiwa mapema. Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yaliutwaa mji wa Kondoa-Irangi, na mwezi wa Mei Lettow-Vorbeck alishambulia ili kuurudisha, akashindwa. Vita vile vilikula nafaka, ng'ombe na wapagazi wa nchi nzima ya kati. Kisha mvua ikakosa. Jirani zao Wagogo wameikumbuka njaa ya 1917 hata 1920 kwa jina la Mtunya. Si ajabu kama katika miaka ya namna hiyo mtu aliomba kwa kila njia aliyoijua yeye na aliyoijua babu yake.

Mwaka wa 1922 una nafasi ya peke yake katika habari hii, kwa kuwa katika mwaka huo mmoja maandiko mawili ya uhuru yalipata nguvu katika Tanganyika. La kwanza ni sheria iliyokomesha utumwa nchini kabisa, baada ya Wajerumani kuwa wamewahesabu kuwa huru watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwaka wa 1905 tu. La pili ni mkataba wa Shirika la Mataifa uliowapa Waingereza udhamini wa nchi. Mkataba huo uliwaagiza kulinda uhuru wa dhamiri na uhuru wa kila namna ya ibada, madhali ibada hiyo haivunji amani wala maadili mema. Mwili na dhamiri viliandikiwa hati pamoja.

Lakini hati ya dhamiri ilikuwa na neno madhali ndani yake, na maana ya neno hilo iliamuliwa na mgeni. Mwaka wa 1928 ilitungwa sheria ya uchawi. Nia ya kuwalinda watu na madhara ya uchawi ilikuwa njema. Hata hivyo mstari kati ya mchawi anayedhuru na mzee anayetambika ulichorwa na mkono usiojua lugha ya tambiko. Msikiti ulikuwa na jengo, kanisa lilikuwa na jengo, na vyote viwili vilikuwa na kitabu. Afisa aliweza kuviandika katika daftari. Tambiko halikuwa na jengo wala kitabu. Lilikuwa na mlima, mti, na kumbukumbu za wazee, nalo likabaki nje ya daftari, likivumiliwa likinyamaza na kushukiwa likisikika. Uhuru wa ibada ulikuwa umetangazwa kwa wote, ukafika kwanza kwa wale wenye mlango wa kubishwa hodi.

Uhuru wa nchi ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, dola ilishika msimamo ambao umedumu, ya kuwa serikali haina dini bali watu wake wanazo dini zao. Mwaka wa 1984 haki za binadamu zilitiwa katika Katiba, na miongoni mwake ni haki ya kila mtu kuwa na imani aitakayo na kuibadili apendapo. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na kuhamishwa kwa watu kuingia katika vijiji. Hakuna sheria ya uhamisho iliyokataza dua ya mtu. Walakini mtu aliyehamishwa mbali na makaburi ya wazee wake alikatiwa njia yake ya dini na afisa ambaye hata hakufikiri kwamba amegusa dini. Katika maisha ya kila siku roho hukaa mahali, na mahali pakiguswa roho nayo huguswa.

Jambo hili halionekani wazi popote kuliko Kolo. Kaskazini ya mji wa Kondoa, katika miamba ya ukingo wa Bonde la Ufa, ziko picha za kale za rangi nyekundu: twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa vya namna ya peke yake. Ziko na picha nyeupe za baadaye, zihesabiwazo kuwa kazi ya wakulima. Mary Leakey alikaa huko mwaka wa 1951 akizinakili, na mwaka wa 1983 alizitoa katika kitabu. Iko moja iliyo maarufu, ya mtu aliyeshikwa mikono na wenzake. Leakey aliona ndani yake habari ya kutekwa. Wataalamu wengine, wakikumbuka ngoma za kupagawa kama simbo ya Wasandawe, wamefikiri kwamba mtu yule hatekwi bali anategemezwa asianguke, roho yake ikiwa safarini. Mkono ni ule ule. Mmoja ameuona kuwa mkono wa adui, na mwingine kuwa mkono wa ndugu. Pengine hapana mfano bora wa taabu ya kuhukumu uhuru wa roho kwa macho ya mtu aliye nje.

Sheria ya kuhifadhi kumbukumbu za kale ilitungwa mwaka wa 1937, ikafuatwa na ile ya 1964, nayo ikarekebishwa mwaka wa 1979. Mwaka wa 2006 UNESCO iliiandika miamba ya Kondoa katika Urithi wa Dunia, eneo la kilomita za mraba 2,336. Ulinzi huo ulihitajiwa. Wako watu waliochimba chini ya miamba wakitafuta hazina wanayodhani ilifichwa na Wajerumani, na picha iliyoharibiwa haichoreki tena. Lakini miongoni mwa mapango hayo liko lile liitwalo Mungomi wa Kolo, ambalo kwa wenyeji si kumbukumbu ya kale. Wazee hupanda huko kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Mnyama huchinjwa, na pombe ya nafaka hunyunyizwa. UNESCO yenyewe, katika kuiandika miamba hiyo, ilikiri kwamba baadhi ya mapango yamefungamana na imani iliyo hai. Pombe inyunyizwayo, hata hivyo, yaweza kuiharibu rangi ya picha, na walinzi wana haki ya kuhofu.

Basi mtaalamu hutazama mwamba akaona picha, na mzee hutazama mwamba ule ule akaona mlango. Watafiti wa Kitanzania, miongoni mwao Emmanuel Bwasiri, wamekwisha kuonyesha kwamba sheria za mambo ya kale zililinda kitu kinachoshikika zikasahau imani na desturi zilizokipa kitu hicho maana. Upungufu huu si mdogo. Kama mzee akizuiwa kabisa, jiwe litasalimika na dini iliyolilinda jiwe hilo kabla ya sheria yoyote itakufa. Kama akiachiwa kabisa, picha zaweza kufutika, na pamoja nazo ushahidi wa watu waliosali hapo kabla yake. Njia ya katikati ipo: pombe yaweza kumwagwa chini pasipo kugusa picha, ikiwa wazee wenyewe wameulizwa na wameridhia. Tofauti kati ya kuulizwa na kuamriwa ndiyo tofauti kati ya huru na mtumwa, tangu siku za misafara hata leo.

Lakini uhuru wa roho una upande wa pili, ambao watetezi wa mila hawapendi kuusikia. Mvua hainyeshi katika shamba la mtu mmoja. Kwa sababu hiyo tambiko la mvua ni la wote, na mchango wake hutazamiwa kutoka kwa wote. Na afanyeje Mwislamu anayeamini kwamba kumtambikia mwingine ni shirki, au Mkristo anayeamini kwamba ni kuabudu miungu mingine? Akitoa mchango, ameiuza dhamiri yake kwa ajili ya amani. Asipotoa, na mawingu yakapita, jirani watamtazama kwa jicho gani? Hapa mwenye kuonewa aweza kugeuka kuwa mwonevu pasipo kujua. Mzee anayedai mlango wa Kolo usifungwe hana budi kukubali kwamba mlango ulio wazi ni wa kuingia na wa kutokuingia pia.

Wala haitoshi kusema kwamba watu wa Kondoa ni wa dini hii au ile, kana kwamba kila mmoja amefungiwa katika chumba chake. Wako wanaosali sala tano na ambao, mwaka ukiwa mbaya, hawakatai kupanda mlima pamoja na wazee. Mwanachuoni huwalaumu kwa kuchanganya, na padre huwalaumu vivyo hivyo. Nao wana haki ya kulaumu, kwa kuwa kila dini ina mipaka yake na mwalimu asiyeitaja mipaka si mwalimu. Uislamu una sala yake ya kuomba mvua, isaliwayo uwanjani kwa unyenyekevu; Wakatoliki wana misa na sala zao za kuomba mvua. Hakuna anayelazimika kusema kwamba njia zote ni sawa. Uhuru wa roho haukudai hivyo kamwe. Unadai jambo dogo kuliko hilo na gumu kuliko hilo: lawama iishie katika ulimi wa kuonya, isifike katika mkono wa kulazimisha. Kurani yenyewe imekataza watu kulazimishana katika dini, na hakuna mwalimu wa Kikristo awezaye kuonyesha kwamba Yesu alimburuta mtu yeyote amfuate.

Kwa hiyo mtu atakaye kujua kama uhuru wa roho upo Kondoa asiishie kusoma Katiba, ingawa Katiba ni ngao njema. Na atazame mambo madogo. Na atazame kama mzee aweza kupanda Kolo mchana, mbele ya watu, pasipo kujificha kama mwizi. Na atazame kama kijana aweza kumwambia babu yake, kwa adabu, kwamba hatakwenda, na jioni akala naye chungu kimoja. Na atazame msibani, ambapo Mwislamu huchimba kaburi la Mkristo na Mkristo husimama kimya hitima ikisomwa, kila mmoja akijua mahali sala yake inapoishia na utu wake unapoendelea. Mambo haya hayaandikwi katika mikataba ya mataifa. Bila haya mikataba ni karatasi.

Historia ya Kondoa yaonyesha kwamba roho haikuwekwa huru siku moja wala na mtu mmoja. Msafara uliowafunga watu ulileta neno la kuwafungua. Mkataba uliofungua dhamiri uliacha mlima nje. Sheria iliyolinda picha ilikaribia kumfungia mwenye kusali. Kila uhuru uliopatikana uliacha nyuma mtu ambaye haukumfikia, na kazi ya kizazi kilichofuata ilikuwa kumtafuta mtu huyo. Aliyemjua Bwana wake hana haja ya kuwa bwana wa dhamiri ya jirani yake. Mawingu yakijikusanya juu ya Irangi mwezi wa Desemba, hayaulizi ni dua ya nani iliyosikiwa. Hunyesha katika shamba la aliyepanda mlima na katika shamba la aliyebaki.